Furu mwekundu na furu wa bluu: samaki wawili au mmoja?

Mleta mada: Wakuu, nimebishana na shemeji hadi chai imepoa. Kisiwani Makobe, Ziwa Victoria, kuna furu dume mwekundu mgongoni na mwenzake wa bluu. Majike wamefifia, kuwatofautisha ni kazi. Wataalamu wanasema ni spishi mbili, Pundamilia nyererei na Pundamilia pundamilia. Mimi nasema ni samaki mmoja kabadili shati.

Ticha wa Nyegezi: Jike ndiye mwamuzi. Wa bluu anakaa juu, mwekundu chini zaidi ambako mwanga unaofika ni wa wekunduwekundu, na macho ya kila mmoja yamezoea mwanga wake. Jike anamfuata dume anayemwona vizuri. Mtafiti Seehausen na wenzake waliandika 1997: maabara ikiwashwa taa ya rangi ya chungwa, rangi za madume hazitofautiani, jike hachagui tena. Ila nyie wavuvi mnaona kitoweo tu.

Mzee wa Dumu: Kitoweo? Ticha, umewahi kumshika furu mzima wewe? Mimi ninao kwenye dumu nililokata ubavu, chambo cha sangara. Dume ukimtoa majini, ule wekundu unazimika mkononi unaona. Nyie mnasoma maiti kwenye chupa halafu mjinga ni mimi!

Dada Igoma: Mbona kipepeo Papilio dardanus majike wake wana mavazi kibao, wengine wanaiga vipepeo wenye sumu ili ndege wawaogope, na bado ni spishi moja? Rangi peke yake haitoshi.

Kijana wa Kamanga: Subirini. Hiyo nyererei ni Nyerere yupi? Baba wa Taifa mnampa samaki wa kidole?

Mleta mada: Ndiye, tangu 1985.

Kijana wa Kamanga: Dharau hii!

Bibi Dagaa: Ulitaka apewe sangara, mgeni wa miaka ya 1950 aliyewamaliza wenyeji?

Mnyama Damu: Mwekundu huyo ni Simba. Yanga tutawatafutia wa kijani.

Ticha wa Nyegezi: Turudi kwenye mada. Kisiwa cha Luanso maji ni tope, hawaonani, wamechanganyika hadi huwezi kusema huyu yupi. Makobe maji meupe, kila mtu na wake.

Mzee wa Dumu: Tope hilo kalileta mvuvi pia?

Ticha wa Nyegezi: Sijasema hivyo, mzee wangu.

Mzee wa Dumu: Njoo Kirumba saa kumi na moja alfajiri uwaone wazima. Ukichelewa wote watakuwa kwenye ndoano.