Wachungaji, acheni kuwasimanga marehemu kwa "ubatili mtupu"

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Tumemzika jirani yetu, mama aliyesomesha wanawe kwa genge la nyanya na vitunguu. Mchungaji akasimama mbele ya jeneza, akafungua Mhubiri 1:2, "ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili", kisha akawaambia wafiwa kwamba genge lile, nyumba ile, ada zile, vyote vilikuwa ubatili. Watoto wenyewe wamekaa pale pale wanamsikiliza!

Hivi anajua neno hilo linavyoingia masikioni mwa watu? Siku hizi tunalisikia zaidi mahakamani. Mkataba batili hauna nguvu tangu siku uliposainiwa. Ndoa batili ni kama haikufungwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kuwa uchaguzi wa rais ni batili, na Oktoba watu wakarudi kupiga kura. Sasa mwambie mtoto kuwa jasho la mama yake ni ubatili: anachosikia ni kwamba limefutwa, halihesabiki.

Aliyeandika kwa Kiebrania hakuwa na maana hiyo. Neno lake ni heveli, yaani pumzi, mvuke, na ndilo jina la Habili katika lugha hiyo. Mvuke upo, unauona kwa macho, ila haushikiki wala haukai. Hilo ni jambo la kulia nalo msibani. Zaburi 144:4 inasema binadamu amefanana na ubatili, siku zake ni kama kivuli kipitacho. Nani husoma hapo akasema binadamu hana thamani?

Halafu kuna Mhubiri 8:14, ambako kinachoitwa ubatili ni wenye haki kupatwa na yanayowastahili waovu. Huyo ni mtu analia na dhuluma! Mbona hiyo haisomwi? Mbona 9:10 hawaifikii, inayosema lolote mkono wako utakalolipata kulifanya, ulifanye kwa nguvu zako? Mama yule alilifanya kwa nguvu zake zote, alfajiri mpaka usiku, na kila mtu mtaani kwetu alimwona.

Msinijie hapa na habari za kutogusa wapakwa mafuta. Wazee wa kanisa, mkalisheni chini mchungaji wenu kabla ya siku ya kuanua tanga, na awaombe radhi wale watoto mbele ya watu wale wale.