Uzito wa jumla ni halali lakini ekseli zimezidi: ningejuaje kabla ya kufika mizanini?

Dereva wa Semitrela aliuliza:

Habari zenu, ndugu madereva na mafundi. Ninaendesha kichwa chenye ekseli tatu kinachovuta tela lenye ekseli tatu. Juzi niliingia mizanini bila wasiwasi wowote, kwa sababu uzito ulioandikwa kwenye hati za mzigo ulikuwa chini ya kikomo. Jumla ilisoma vizuri kweli, ila zile ekseli mbili za nyuma za kichwa zilikuwa zimezidi kwa kilo 900. Nikaelekezwa pembeni, na nilipokuwa nikisubiri, mkaguzi aliyekuwa akizunguka gari alisikia upepo wa breki ukivuja karibu na gurudumu la tela, akaandika kosa la pili. Siku nzima ikaishia hapo. Mzigo sikuupakia mimi, nilikabidhiwa gari likiwa limeshafungwa turubai. Naomba mnieleweshe: ekseli zinazidije wakati jumla haijazidi, na je, ningeweza kuyagundua yote mawili kabla sijaondoka?

Mkongwe wa Masafa Marefu alijibu:

Pole sana, mdogo wangu. Hilo limewakuta wengi, nami mwenyewe nimo.

Mizani haiulizi tu umebeba kiasi gani, inauliza pia umekiweka wapi. Tela lako limeshikiliwa sehemu mbili, yaani mbele kwenye kingipini (ile pini inayoliunganisha na kichwa) na nyuma kwenye ekseli zake, na kila kilo ya mzigo hugawanywa kati ya sehemu hizo kulingana na mahali ilipokaa. Wapakiaji hupenda kuanza mbele na kujaza kwa kubanana. Mzigo ukiwa mzito lakini mfupi, nafasi hubaki wazi nyuma na kichwa ndicho kinachoelemewa. Chukua mfano wa tela ambalo kutoka kingipini hadi katikati ya ekseli zake ni mita 8. Ukisogeza tani 3 nyuma kwa mita 2.4, unazidisha 3 kwa 2.4 na kugawanya kwa 8, unapata tani 0.9 zilizohama kutoka kwenye kichwa kwenda nyuma ya tela. Hizo ni karibu zile kilo 900 zako, ingawa sehemu ndogo ya nafuu hiyo huenda kwenye ekseli ya usukani. Kwa hiyo huenda hukuhitaji kupunguza mzigo hata kidogo, ulihitaji kuupanga upya, mradi ekseli za tela zilikuwa bado na nafasi.

Usisahau mafuta pia. Lita 600 za dizeli zina uzito wa karibu nusu tani, na tangi liko kwenye kichwa, si kwenye tela. Gari lililopimwa likiwa na tangi tupu halina uzito huohuo baada ya kujazwa. Vilevile mbao au mchanga ulionyeshewa njiani hufika ukiwa mzito kuliko ulivyoondoka.

Kuhusu kukabidhiwa gari likiwa limefungwa, nakusihi kwa dhati ukatae desturi hiyo. Omba lifunguliwe uone mpangilio, kisha upime ekseli kwa makundi kwenye mizani yoyote iliyo karibu kabla ya safari. Atakayesimamishwa barabarani ni wewe, wala si aliyepakia.

Fundi wa Breki alijibu:

Naongezea upande wa upepo. Zuia magurudumu kwa vigingi, jaza upepo hadi kompresa iache kusukuma, zima injini, achia breki ya maegesho, kisha kanyaga breki na uishikilie kwa dakika nzima huku ukitazama mshale wa geji ya upepo. Utingo wako atembee kando ya gari zima, kutoka kichwa hadi mkia wa tela, akisikiliza. Injini ikizimwa, uvujaji husikika kama mtu anayepuliza taratibu kwa meno yaliyobana. Injini ikiwaka humsikii kabisa, na ndiyo maana mkaguzi aliusikia pale ulipokuwa umesimama na wewe ulikuwa hujausikia njia nzima. Mahali panapokwisha mapema ni pale mpira wa kupitisha upepo unaposugua chuma kila tela linapokata kona.

Ukiwa huko chini, angalia nati za magurudumu. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili kwamba huenda imelegea.

Niliyewahi Kufanya Kazi Mizanini alijibu:

Ndugu muulizaji, wengi hudhani ekseli hupimwa ili kuwasumbua madereva. Majaribio yaliyofanywa huko Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, maana yake ekseli iliyozidi kwa asilimia 10 huongeza uharibifu kwa karibu asilimia 46. Barabara haihisi jumla, inahisi kila ekseli inapopita.

Jambo moja la kukusaidia siku nyingine: panda mizani polepole, na ukisimama achia breki iwapo eneo ni tambarare, kwa maana breki zilizokaza huzuia springi kutulia na usomaji wa ekseli unaweza kupotoka. Ukiwa na shaka, omba kwa heshima upimwe tena, na uchukue karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli. Usitoe chochote kisichokuwa na stakabadhi.

Dereva wa Semitrela aliandika tena:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Leo asubuhi nimefanya lile jaribio la kukanyaga breki, na utingo amekuta mpira wa pili uliochubuka, upande ambao mkaguzi hakuufikia. Umeshabadilishwa. Turubai nalo limefunguliwa: mbele marobota yamepangwa hadi juu, na nyuma kuna nafasi wazi ya karibu mita 3. Tunayasogeza sasa hivi, kisha narudi kupima.