Mstaafu mgeni aonyeshe fedha benki ndipo aongezewe kibali?

Bwiru Ziwani: Wadau, habari za jioni. Nina jirani, mzee wa Kijerumani, mgane, amestaafu na kupanga hapa Bwiru, Mwanza. Kibali chake cha ukaazi kikikaribia kuisha, hapati usingizi. Juzi kaja kwangu na makaratasi yote kwenye mfuko wa plastiki: taarifa za benki, barua ya pensheni, picha ndogo. Ananiuliza, "Hizi zitatosha?" Sikuwa na jibu. Mdogo wake yuko Thailand na anajua kabisa anachodaiwa: umri kuanzia miaka 50, baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, anaongezewa mwaka mmoja. Na sisi Tanzania tutaje kiasi, kibandikwe ukutani, au tuache kama kulivyo?

Kirumba Mwaloni: Laki nane au laki nne? Mimi nilisikia nne. Halafu Thailand ya nini? Tuna ziwa, tuna sato, hewa nzuri. Wazee waje, walipe kodi ya nyumba, wanunue samaki. Ukianza kudai fedha benki unawafukuza.

Dada wa Nyegezi: Laki nne ni ya aliyeoa Mthai. Mstaafu ni laki nane, ziwe benki miezi 2 kabla ya maombi na miezi 3 baada ya kukubaliwa, kisha zisishuke chini ya laki nne. Kwa shilingi zetu laki nane inapita milioni 50, na zimelala tu. Mstaafu wa kwetu akizishika hizo zinaishia kwenye bodaboda na ndoa ya pili.

Mwalimu Igoma: Wewe Dada, futa kauli. Nimeshika chaki miaka 34. Unajua kikokotoo wewe, hesabu ya kugawa mafao yetu: kiasi gani kwa mkupuo, kiasi gani kila mwezi? Walionitangulia walichukua mkupuo wa asilimia 50. Mimi nimestaafu mwaka jana, nimepewa 40. Nyumba yangu Kishiri bati zimeishia sebuleni, chumbani nalala naziona nyota. Hiyo ndoa ya pili ningeifungia wapi?

Kirumba Mwaloni: Shikamoo Mwalimu, pole sana. Ila si Magufuli alikisimamisha hicho kikokotoo?

Mwalimu Igoma: Marahaba. Alisimamisha kile cha asilimia 25, Desemba 2018. Mwaka 2022 kikaja cha 33, watu wakalia, bajeti ya 2024/25 ikatupandisha hadi 40. Arobaini si hamsini, hata mtoto wa darasa la pili anajua.

Buhongwa Stendi: Mwalimu, kwa heshima, mkupuo ukipungua, pensheni ya mwezi inaongezeka. Mjomba wangu Ukerewe alichukua nusu yake yote akanunua mtumbwi na injini. Sangara wakapotea, injini ikauzwa, leo anakuja kwangu kuomba sukari. Angepewa kidogo kidogo angekuwa anakula.

Mwalimu Igoma: Huyo ni mjomba wako. Jasho ni langu. Nikitaka kuzama nalo ziwani, niacheni nizame!

Bwiru Ziwani: Jamani, mzee wangu bado ananingoja na mfuko wake. Mwalimu, nikuulize bila ubaya: ungekuwa mgeni kule Thailand, ungetaka kiasi kitajwe, au ofisa akuangalie usoni aamue?

Mwalimu Igoma: Kitajwe! Baht 65,000 inapita milioni 4 kwa mwezi, mimi nisingeifikia. Lakini ningejua mapema nikabaki kwetu, sio kuzungushwa na mfuko mkononi. Nimezungushwa dirisha hili na lile nikifuatilia mafao yangu, najua miguu inavyouma. Huyo mzee mlete Jumamosi asubuhi, tumpangie makaratasi na kumwandikia barua ya maombi. Kiswahili cha barua nakiweza. Na Dada wa Nyegezi bado sijaona alichofuta.

Dada wa Nyegezi: Shikamoo Mwalimu. Ya ndoa ya pili nafuta, nisamehe. Ya bodaboda sifuti. Baba yangu alinunua mbili kwa mafao yake, zote ziko uani, zimekaa juu ya mawe.