Kikundi: Watoto wa Nyumba ya Juu, Lushoto

Da Anna 06:14
Habari za asubuhi familia. Shikamooni wakubwa. Naomba msome mpaka mwisho, msipite tu. Ua la Mama, lile la Krismasi, linakufa. Neema weka picha.

Neema 06:31
[picha]
[picha]
Shikamooni. Vitundu vya kopo vimeziba kwa kutu, maji yanasimama juu. Vipingili vimelegea na kukunjamana kana kwamba lina kiu, na wakati udongo umelowa chapachapa.

Da Anna 06:33
Mmeona? Jumamosi napanda kutoka Korogwe, tunalihamishia chungu kipya. Tunahitaji chungu cha udongo chenye tundu, mchanga wa mtoni, makumbi ya nazi, mboji kidogo. Kila mtu aseme anatoa nini. Mimi natoa nauli yangu.

Kaka Elia 07:02
Nauli yako ya kwenda kwenu nayo ni mchango? 😂

Bamdogo Tanga 07:10
Makumbi yapo. Gunia.

Da Anna 07:11
Shikamoo Bamdogo. Gunia ni jingi, ndoo ndogo inatosha.

Da Anna 07:48
Bamdogo?

Da Anna 08:20
Watu kumi na mmoja mmesoma. Chungu nani?

Kaka Elia 08:26
Ua la Krismasi linalochanua Julai. Ratiba haliijui, ndiyo maana ni la ukoo wetu.

Joyce Leipzig 08:50
Linajua ratiba kukushinda. Kwao ni milima ya pwani ya Brazil, upande wa Rio de Janeiro, linaota juu ya miti kivulini. Usiku ukiwa mrefu na baridi ikiingia ndipo linatoa maua. Huku Ulaya hali hiyo inakuja mwisho wa mwaka, wakalipa jina la Krismasi. Wabrazil wenyewe wanaliita ua la Mei. Lushoto baridi ni Juni na Julai. Mama alikuwa anasema "linasubiri sweta".

Joyce Leipzig 08:52
Neema, picha ya pili, zile ncha nyekundu ni vitumba au majani machanga?

Neema 08:59
Vitumba. Nimehesabu 23.

Joyce Leipzig 09:00
Basi msilihamishe Jumamosi! Likisumbuliwa na vitumba linavipukutisha vyote. Linahamishwa likishamaliza kuchanua.

Da Anna 09:03
Na mizizi ikioza kabla? Mimi ruhusa yangu ni siku mbili.

Joyce Leipzig 09:09
Toboeni kopo kwa msumari, chini ubavuni, maji yatoke. Msimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke. Libaki palepale kibarazani, hata kuligeuza lisigeuzwe. Mwezi wa nane mhamishe. Chungu kizidi kopo kwa vidole viwili tu, ua hili linapenda kubanwa. Likipewa chungu kikubwa udongo unakaa na maji, mnarudi hapohapo. Na makumbi yalowekwe yaoshwe kwanza, ya pwani yana chumvi.

Kaka Elia 09:15
Linapenda kubanwa, kama sisi chumba cha nyuma.

Shem Paulo 09:16
Sita kitanda kimoja 😂😂

Kaka Elia 09:16
Na Joyce katikati anapiga mateke.

Da Anna 09:20
Tunazungumzia ua.

Kaka Elia 09:31
Haya, ua. Yule Mjerumani mkuu wa wilaya Tanga, 1892, si alipeleka kwa baba yake mbegu za maua ya Usambara? Leo ndiyo violeti za madirishani huko. Joyce waambie wazirudishe, tuwape hili la Brazil.

Joyce Leipzig 09:33
Jirani yangu anazo tatu dirishani. Nikimwambia ni za nyumbani kwetu anadhani nataka kumwomba.

Da Anna 09:34
CHUNGU NANI

Mama Junior 13:20
Chungu nitatoa mimi. Ila nataka kipande cha kupanda kwangu. Vitu vya Mama vilipogawanywa sikuambiwa, safari hii nasema mapema.

Da Anna 13:22
Mama Junior, wewe ndiye mwenye cherehani.

Mama Junior 13:23
Cherehani alinipa Mama kwa mkono wake, yu hai.

Da Anna 13:23
Mbele ya nani?

Mama Junior 13:25
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shem Paulo 13:26
Jamani

Da Anna 13:26
Nimeusoma kabla hujafuta.

Joyce Leipzig 13:40
Kipande kila mtu atapata. Unasokota vipingili viwili vitatu vinachomoka, unaviacha siku mbili kidonda kikauke, unachomeka kwenye udongo wenye unyevu kidogo. Hakuna cha kugombania.

Da Anna 13:41
Cherehani haisokotwi vipingili.

Neema 17:02
🎤 Sauti 0:51

Neema 17:06
Ni Mamkubwa. Amesema niwaandikie wasio na bando. "Neema ananisomea, nimesikia yote. Ua lile dada yangu alilitoa misheni amelifunika kanga, mwaka aliozaliwa Anna. Lisiguswe mpaka lichanue limalize. Asubuhi mimi nasalimiana nalo, nyinyi hampo. Cherehani najua alipewa nani, na najua aliniambia nini. Nitasema mkiwa mmekaa mbele yangu wote. Kwenye simu sisemi."

Da Anna 17:40
Shikamoo Mamkubwa. Sawa.

Mama Junior 17:52
Shikamoo Mamkubwa.

Kaka Elia 18:05
🙏🏾

Da Anna 19:15
Kwa hiyo Jumamosi nakuja au siji? Na huo msumari nani anao?

Neema 19:18
Nimeshatoboa, matundu manne. Maji yametoka meusi, yananuka.

Da Anna 19:19
Yananuka vipi? Joyce?

Da Anna 19:44
Joyce?

Da Anna 20:02
Mwezi wa nane nani anakuja? Mamkubwa amesema wote. Elia?

Kaka Elia 20:30
Nitaangalia kazini wanasemaje.

Da Anna 20:31
Mama Junior?

Bamdogo Tanga 21:08
Gunia la makumbi linapanda basi la kesho alfajiri. Konda nimempa namba ya Anna. Nauli ya mzigo mtalipa huko.