MJADALA: Tuta mbele ya shule, tumbane nani? Diwani, TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) au tujijengee wenyewe?

Wadau, hili suala la matuta kwenye barabara za mitaani hapa Dar kila mtu analisemea kivyake, dereva analia shokapu, mzazi analia mtoto, na viongozi wetu wanatupiana mpira. Naomba tulijadili kwa hoja, madereva najua mtakuja juu lakini nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Huku kwetu barabara ilikuwa vumbi na mashimo miaka yote, gari ilikuwa inapita kwa adabu yenyewe. Ikaja lami tukashangilia. Sasa lami hiyohiyo ndo imeleta kesi, maana bodaboda na Noah zinazowahi abiria zinapita mbele ya shule ya msingi utadhani ziko Morogoro Road, na saa 7 mchana darasa la kwanza na la pili ndo wanatoka, wanakimbizana hawaangalii kulia wala kushoto. Zebra hakuna, kibao hakuna, njia ya miguu ipo ila imejaa meza za chips na mafundi pikipiki, kwa hiyo mtoto anatembea kwenye lami na magari. Mmoja akagongwa, akavunjika mguu, yuko hai tunamshukuru Mungu. Jioni ileile vijana wakabeba kifusi na saruji wakapiga tuta lao, limeinuka kama kaburi, halina rangi wala alama yoyote. Wiki haijaisha bodaboda akalivaa usiku, akaenda mtaroni na abiria wake.

Basi mtaa ukagawanyika, hawa wanasema livunjwe, wale wanasema atakayeligusa atatujua sisi ni nani.

Mi naanza na spidi maana wengi tunabishana hewani. Ndani ya makazi sheria inaruhusu mwisho 50 kwa saa. Kwenye 50, tangu umuone mtoto mpaka gari isimame unahitaji kama mita 28, hapo lami kavu na breki nzima. Kwenye 30 ni kama mita 13. Niambieni basi, mtaa gani wa Mbagala au Manzese una mita 28 mbele yako bila mtu kukatisha? Yaani hata dereva anayetii sheria bado anaweza kuua mbele ya geti la shule. Na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo unamkuta barabara kubwa, huku mitaani lini mlimuona? Kwa hiyo kitu pekee kinachomlazimisha mtu apunguze mwendo saa zote ni barabara yenyewe.

Tukija kwa mwenye barabara hapo ndo pana utamu. Zamani barabara hizi zilikuwa chini ya halmashauri, injinia wa manispaa alikuwa mtu wa mkurugenzi, madiwani wakiwaka kwenye baraza mtu anatoka jasho. 2017 ikaanzishwa TARURA, iko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, lakini haipokei amri ya mkurugenzi wala ya diwani. Barabara kubwa kama Morogoro, Kilwa na Bagamoyo ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Trafiki ni polisi, wizara nyingine kabisa. Kwa hiyo diwani akikwambia "hiyo barabara sio yetu" hajadanganya, ila kura aliomba kwa ahadi ya barabara hiyohiyo.

Hela nayo tusidanganyane. Tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa sh 100 kwa ajili ya barabara za TARURA. Huyu bodaboda mnayemtukana kachangia kila akijaza tanki, ana haki ya tuta lenye rangi analoliona usiku. Na ujuzi upo, shirika la Amend la usalama barabarani lilishafanya hapahapa Dar kwenye shule za msingi, wakaweka matuta, njia za miguu, zebra, vibao, wakafundisha na watoto, na utafiti ukaonyesha watoto wanaoumia walipungua kwa 26%. 2019 wakapewa tuzo ya dola 250,000 huko Marekani kwa kazi hiyo. Dunia inakuja kujifunza Dar halafu sisi wa Dar tunabeba kifusi usiku!

Hoja ya ambulensi na mjamzito kwenye bajaji naiheshimu, tena sana. Ndo maana tuta la kienyeji silitetei. Linalotakiwa ni pana, mteremko wa taratibu, au zebra yenyewe iinuliwe, na kibao mapema. Wanaosema wekeni rasta tu, vile vituta vidogovidogo vilivyopangana, kalale nyumba iliyo jirani na rasta usiku mmoja halafu uje tuongee.

Kwa upande wangu halmashauri haina pa kukimbilia. Hata kama lami sio yake, zile meza kwenye njia ya miguu ni zake, anayezipanga na kuzipangua ni yeye, hapo hakuna cha kusubiri mtu. La pili, ombi la tuta linaanzia serikali ya mtaa, linapanda kata, linakwenda wilayani, na huko njiani ndo linapotelea, ukiuliza unaambiwa "barua ilishaenda". Ibandikwe orodha kwenye ukuta wa ofisi ya kata: shule gani imeomba, lini, barua iko kwa nani, kajibu nini. Hiyo nayo inasubiri wafadhili?

Wapo wanaotaka barabara zirudi kwa madiwani moja kwa moja. Mi hapo nasita, tusije tukaona kila tuta linachimbuka mbele ya nyumba ya mheshimiwa. Ila wenye hoja zaidi waseme.

Na nyie mnaotaka lile la kifusi livunjwe leo, sawa, ni la hatari na mimi naliona. Likishavunjwa, kesho asubuhi watoto wanavukaje?