MJADALA: Rush Limbaugh alikuwa mchekeshaji au kiongozi? Tuanzie siku aliyoitetea LRA, waasi wa Uganda, hewani

Wakuu, habari za jioni.

Leo nataka tubishane kuhusu mtu ambaye wengi mlioanza kufuatilia siasa za Marekani enzi za Trump mlimkuta anaelekea ukingoni. Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio. Alifariki tarehe 17 Februari 2021 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 70. Mwaka mmoja nyuma yake Trump alikuwa amempa Nishani ya Uhuru ya Rais, na hakumpa faragha: alimpa katikati ya hotuba mbele ya Bunge zima, Melania ndiye aliyemvisha, Warepublican wamesimama wanashangilia, Wademokrati wamekaa wamenuna.

Swali langu ni hili. Mtu anayezungumza siasa kwa muda wa saa tatu kila siku ya kazi, na wasikilizaji wake wakikadiriwa kufika milioni 15 kwa wiki, akikosea ana haki ya kusema "jamani, mimi naburudisha tu"? Mimi nasema hana. Wa upande wa pili karibuni, ila matusi tuyaache nje.

Kwanza nimpe anachostahili, maana jamaa alikuwa na kipaji. Alizaliwa mwaka 1951 Cape Girardeau, Missouri, kwenye ukoo wa wanasheria. Wazazi walitaka asome, chuo kikamshinda ndani ya mwaka mmoja hivi, akakimbilia redioni. Redio nayo ikamtapika. Kafukuzwa hapa, kahamia pale, Pennsylvania alikuwa anapiga muziki kwa jina la Jeff Christie. Mwaka 1979 akaachana na maikrofoni kabisa, akaenda kufanya kazi ofisini kwenye timu ya besiboli ya Kansas City Royals. Alipopata kituo cha Sacramento, California, mwaka 1984, alikuwa anagonga miaka 33 na hana cha kuonyesha. Pale ndipo alipoachiwa kusema anavyotaka, na watu wakaganda redioni.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hulirukia haraka, nami naona ndilo lenye utamu. Tangu 1949 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa na kanuni inayomtaka mwenye kituo aguse mambo yanayobishaniwa na umma, na akiyagusa atoe nafasi kwa upande wa pili. Agosti 1987, enzi za Reagan, kanuni ikafutwa. Tarehe 1 Agosti 1988, mwaka mmoja tu baadaye, kipindi cha Limbaugh kikaanza kurushwa nchi nzima kutoka New York, vituo 56. Mwishowe vilizidi 600.

Na biashara yenyewe ilikuwa ya kijanja. Wenye vituo vya AM walikuwa hoi. Muziki umehamia FM, kule AM kumebaki mikwaruzo na wazee. Anakuja mtu anakwambia chukua kipindi changu, nitakujazia saa sita hadi saa tisa mchana, hela sitaki, nipe dakika kadhaa za matangazo niziuze mwenyewe. Uji wa bure kwa mgonjwa, nani akatae? Kwa hiyo wanaosema alipanda kwa sababu Wamarekani wote walikuwa wahafidhina wanasahau kwamba bei nayo ilikuwa nzuri. Kanuni imeondoka, AM inakufa, kipindi cha bure kimepatikana. Na mtangazaji hodari, nalikubali hilo.

Sasa nije kwenye siku yangu.

Oktoba 2011 nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja Kansas City, kupakia na kupakua maboksi. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kizungu, mtu mwema kweli, kila baridi ikianza alikuwa anatuletea glavu alizonunua kwa pesa yake. Redio yake ilikaa juu ya kabati la faili, imefungwa mkanda wa gundi kwenye eriali, na mchana ilikuwa Limbaugh, hakuna majadiliano. Sisi Waafrika tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa Mwacholi wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mtu mzima, Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi, kikavu kikavu hivi, lakini tunaelewana.

Ijumaa ile, tarehe 14, Obama alikuwa ameliarifu Bunge kwamba anatuma askari wapatao 100 Afrika ya Kati kusaidia kumsaka Joseph Kony, kiongozi wa LRA. Limbaugh akaidaka habari hewani. Akawaambia wasikilizaji kwamba LRA ni Wakristo, wanapigana na Waislamu Sudan, na Obama anatuma askari kwenda kuwaua. Tovuti yake ikaweka kichwa cha habari kilichosema Obama ameivamia Uganda na kuwalenga Wakristo.

Yule Mwacholi alikuwa anavuta paleti. Akasimama. Akaniuliza, "Huyu anasema Kony ni nani?" Nikamtafsiria vizuri, nikidhani Kiingereza cha redio kimempita. Hakikuwa kimempita. Alitaka tu kuhakikisha masikio yake. Akaweka mpini chini, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za kupakilia hadi kipindi kikaisha. Msimamizi akaniuliza kama anaumwa.

Kwa mdogo wangu asiyejua, Waacholi wengi ni Wakristo, na wao ndio LRA waliowatesa. Oktoba 1996 LRA waliingia shule ya wasichana ya Wakatoliki, St. Mary's Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakaondoka na wasichana 139. Mtawa Mwitaliano, Sista Rachele Fassera, akawafuata porini kwa miguu, akarudi na 109. Thelathini walibaki huko. Kule Gulu watoto walikuwa wanatembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini kwenye varanda na hospitali ili wasitekwe usiku. Desemba 2009, eneo la Makombo huko Kongo, watu wasiopungua 321 waliuawa ndani ya siku chache. Kony alikuwa na hati ya kukamatwa kutoka The Hague tangu 2005. Haya hayakuwa siri za Waafrika. Bunge la Marekani lenyewe, vyama vyote viwili, lilikuwa limepitisha sheria ya kupambana na LRA, Obama akaisaini Mei 2010.

Na kinachoniuma si kwamba hakujua. Watu wengi hawajui. Ni kwamba kabla kipindi hakijaisha alipewa taarifa kuwa hao watu wanatuhumiwa kuteka watoto, kutesa na kuua. Akashangaa hewani, akasema ndiyo kwanza wamepata habari hizi leo, watafanya utafiti. Yaani alianza na hukumu, ushahidi akauweka kiporo. Aliyesimama Seneti kumrekebisha alikuwa Jim Inhofe wa Oklahoma, mhafidhina wa kutupwa, kwa hiyo msiniletee kwamba ni njama za waliberali.

Hapo sasa ndipo mlango wa "burudani" unapofunguliwa. Ukimshika kwa kosa, mashabiki wanasema ni mchekeshaji, mbona unamchukulia hivyo. Sawa. Lakini mwaka 1994 Warepublican walipolitwaa Bunge la chini baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya mwanachama wa heshima wa kundi lao. Mchekeshaji gani hufanyiwa hivyo? Na mwaka 2009 Michael Steele, mwenyekiti wa chama chenyewe, alisema kwenye televisheni kwamba Limbaugh ni mburudishaji, na kwamba maneno yake ni ya kichochezi na yanachukiza. Siku chache hazikupita, mwenyekiti akaomba radhi. Someni tena: mwenyekiti wa chama aliomba radhi kwa kumwita mburudishaji mtu ambaye watetezi wake leo wanataka tumwite mburudishaji.

Sandra Fluke nadhani wengi mnamkumbuka. Mwanafunzi wa sheria Georgetown, Februari 2012 aliwaeleza wabunge kwa nini bima ya wanafunzi igharimie uzazi wa mpango. Limbaugh akamwita malaya hewani, akarudia siku iliyofuata na iliyofuata. Wadhamini wakaanza kukimbia ndipo akaomba radhi, Jumamosi, kwa maandishi. Sitakaa sana hapo, maana lile kila mtu aliliona kuwa tusi. La Kony lilivaa suti ya habari.

Dawa za maumivu nitaligusa kwa sababu litaletwa tu. Ni kweli, miaka ya tisini alisema wanaovunja sheria za dawa za kulevya wakamatwe na wafungwe, na Oktoba 2003 akakiri mwenyewe kuwa mraibu wa vidonge vya maumivu. Unafiki, ndiyo. Lakini mimi hilo simpigii. Mgongo ulikuwa unamuuma, vidonge vikamteka kama vilivyowateka Wamarekani chungu nzima. Kinachonichekesha ni kwamba waendesha mashtaka walipotaka faili zake za hospitali, waliojitokeza mahakamani kutetea faragha yake ni ACLU, shirika la haki ambalo lilikuwa adui wa wahafidhina kama yeye siku zote. Mwaka 2006 kesi iliisha kwa makubaliano, akalipa dola 30,000 na kuendelea na tiba.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Nimesoma majibu yenu. Nijibu matatu.

Mkuu mmoja anasema nachagua upande, mbona sisemi watangazaji wa mrengo wa kushoto. Haya. Mei 2011 Ed Schultz wa MSNBC, kituo cha televisheni cha mrengo huo, alimtukana Laura Ingraham, mtangazaji mwenzake wa kihafidhina, tusi lilelile alilokuja kutukanwa Fluke. Aliomba radhi hewani mwenyewe, na kituo kikamsimamisha wiki nzima bila mshahara. Kosa sawasawa, ila mmoja alikuwa na bosi. Limbaugh mwaka 2008 alisaini mkataba wa miaka minane ulioripotiwa kufika dola milioni 400. Hapo nani anamsimamisha nani? Kampuni ikimfungia wiki, inajifungia yenyewe.

Dada mmoja kaleta RTLM, ile redio ya Rwanda ya wakati wa mauaji ya kimbari. Dada yangu, hapana. RTLM ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na waliokuwa nyuma yake walihukumiwa Arusha mwaka 2003 kwa mauaji ya kimbari. Ukimweka Limbaugh kwenye kapu lile unampunguzia uzito marehemu wa Rwanda na unampa yeye kisingizio. Alikuwa na makosa yake, yanamtosha.

La tatu ndilo gumu: kama ni hivyo, ile kanuni ya 1949 irudishwe? Hapa nitawaudhi walionishangilia juu. Sitaki irudi. Waliokulia huku kwetu wanajua "usawa" ukipimwa na ofisi ya serikali unaishia wapi. Januari 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilivipiga faini vituo vitano vya televisheni kwa sababu ya kurusha taarifa ya shirika la haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo. Kosa mojawapo, hazikuwa na mizania. Anayeshika mizani ndiye mwenye duka. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho: msikilizaji akishasema "namwamini kuliko gazeti", basi ambane kama anavyolibana gazeti. Kosa la Ijumaa lisahihishwe Jumatatu, dakika zilezile, sauti ileile.

Kuna aliyeuliza yule mzee wa Kitgum aliishia wapi. Yupo, ameshastaafu, tunapigiana simu. Jumatatu yake alikwenda kwa msimamizi, akamwomba dakika tano, akamweleza kuhusu mtoto wa dada yake aliyechukuliwa mwaka 1997. Mimi nilikuwa pembeni, nikisaidia Kiingereza pale kilipokwama. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia. Akasema, "Mbona Rush hakusema hivyo?" Hakuuliza kwa kebehi, alikuwa anataka kujua.

Mchana redio iliwashwa kama kawaida.

Naingia shifti ya usiku, nitarudi asubuhi kuona mmefikia wapi.