Dozi za mafua tuliagiza Februari, mbona zinakuja kwa mafungu?

MratibuKliniki
Wakuu, salaam. Nashughulikia oda za chanjo katika kliniki ya familia hapa Ohio. Tuliagiza dozi 400 za chanjo ya mafua mwezi Februari. Sasa ni Agosti, tumepokea maboksi 10 ya sindano zilizojazwa tayari, yaani dozi 100, na msambazaji anasema zilizobaki zitakuja kidogo kidogo mpaka Oktoba. Za wazee hata moja haijafika. Kwa nini oda ya miezi sita isije kwa mpigo mmoja? Na miadi nipange vipi?

MayaiNaMaabara
Mkuu, ulipoagiza Februari, chanjo yenyewe ilikuwa haijatengenezwa. Ulikuwa unajiwekea nafasi kwenye foleni.

Mwishoni mwa Februari Shirika la Afya Duniani (WHO) hukaa na wataalamu kuchagua virusi vya msimu ujao kwa nchi za kaskazini mwa dunia. Za kusini huamuliwa Septemba. Siku hizi Marekani hutumia aina tatu: A(H1N1), A(H3N2) na B ya ukoo wa Victoria. B ya ukoo mwingine, Yamagata, haijathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020, ndiyo maana ikaondolewa kuanzia msimu wa 2024–2025.

Kirusi kilichotoka kwa mgonjwa mara nyingi hakistawi ndani ya yai. Maabara hukichanganya na kirusi cha mwaka 1934 kiitwacho PR8, kinachozaana sana kwenye mayai, kisha huchambua kizazi chenye protini za nje za kirusi kipya. Kazi hiyo peke yake hula wiki kadhaa.

Kiwandani, mayai yenye kiinitete cha siku 10 au 11 humulikwa kwa taa na yaliyokufa huondolewa. Mazima huchomwa sindano ya kirusi, hukaa kwenye joto la nyuzi 33 hadi 35 kwa siku mbili au tatu, halafu hupozwa usiku kucha ili damu isichanganyike na majimaji yanayovunwa. Majimaji hayo husafishwa kwenye sentrifuji, yaani mashine inayozungusha kwa kasi, virusi huuawa kwa fomalini au kemikali nyingine, huvunjwavunjwa kwa sabuni maalumu, kisha huchujwa. Kwa makadirio, yai moja hutoa dozi moja ya aina moja, kwa hiyo chanjo ya aina tatu hula mayai matatu. Kuku wa kutaga mayai hayo hupangwa miezi mingi kabla. Hakuna wa kuongeza mayai ghafla mwezi Julai.

Kinachokwamisha zaidi ni kwamba kila aina hukuzwa peke yake, na hakuna chupa inayojazwa mpaka zote tatu ziwepo. Dozi ya kawaida ya mililita 0.5 lazima iwe na mikrogramu 15 za hemaglutinini (protini ya nje ya kirusi) ya kila aina, na kipimo chake kinahitaji seramu, yaani majimaji ya damu, ya kondoo iliyotengenezwa mahsusi kwa kirusi hicho. Aina ikibadilishwa, seramu nayo huandaliwa upya, na matangi yaliyojaa husubiri. H3N2 ndiyo msumbufu mkubwa. Mwaka 2019 WHO iliahirisha kuichagua hadi tarehe 21 Machi, na viwanda vikaanza aina hiyo vikiwa vimechelewa mwezi mzima.

Baada ya hapo kila bechi hupimwa usafi dhidi ya vijidudu, na kipimo cha kuotesha huchukua siku 14. Huwezi kukikimbiza. Kisha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, huidhinisha bechi moja moja. Msambazaji akipata bechi, huwagawia wateja wake wengi kila mmoja kidogo, na hayo ndiyo mafungu unayoyaona.

MratibuKliniki
Ahsante sana. Na hizi za wazee?

MayaiNaMaabara
Ile yenye nguvu zaidi ina mikrogramu 60 za kila aina, mara nne ya kawaida. Ipo pia yenye kichangamsha kinga, na ile inayotengenezwa kwenye seli za wadudu bila mayai kabisa, yenye mikrogramu 45. Kwa miaka 65 na zaidi, yoyote kati ya hizo tatu inapendekezwa. Ila mzee akifika wakati wa msimu na hakuna hata moja, mpe ya kawaida. Asirudi nyumbani mikono mitupu.

MfamasiaWaOda
Niongezee kwenye miadi. Wazee wengi hawatakiwi kuchanjwa Julai au Agosti hata hivyo, maana kinga hufifia kabla msimu haujakwisha. Septemba na Oktoba ndiyo wakati wao. Dozi 100 ulizonazo anza na watoto wa miezi 6 hadi miaka 8 wanaochanjwa mafua kwa mara ya kwanza, kwa sababu wanahitaji dozi mbili zilizoachana angalau wiki 4. Wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho nao wanaweza kuchanjwa sasa. Miadi iandike kwa dozi zilizo ndani ya friji tu, kamwe si kwa ahadi ya msambazaji.

Kuhusu mwakani: hesabu dozi zilizotumika kweli msimu uliopita kwa kila rika, usitumie idadi ya wagonjwa waliosajiliwa. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu: asilimia ngapi itafika kufikia mwisho wa Septemba, mwisho wa kupunguza oda ni lini, na zisizotumika zinarudishwa kwa kiasi gani. Zikibaki hazifai msimu ujao; nyingi muda wake huisha tarehe 30 Juni. Gawanya oda kati ya chanjo ya mayai na ile ya seli, ili kiwanda kimoja kikikwama usikose zote. Oktoba 2004 Uingereza ilisimamisha leseni ya kiwanda cha Chiron kilichoko Liverpool kwa sababu ya bakteria, na Marekani ikapoteza karibu nusu ya dozi ilizozitegemea.

Dozi za bure za watoto kutoka serikalini ziwe na rafu yake, rekodi yake, zisichanganywe na mlizonunua.

Boksi likifika, fungua papo hapo usome kipimo cha joto. Ni nyuzi 2 hadi 8. Chanjo iliyoganda haifai hata ikiyeyuka na kuonekana safi, kwa hiyo usiiweke mbele ya tundu la hewa baridi. Joto likitoka nje ya kiwango, usiitupe upesi: ibandike alama ya USITUMIE, ibaki kwenye baridi, mpigie mtengenezaji ukiwa na kiwango cha joto na muda iliokaa hivyo.

ZahanatiPwani
Na sisi wa Kenya, mafua yapo mwaka mzima. Tuchukue ya kaskazini au ya kusini?

MfamasiaWaOda
Soma boksi kwanza: ya kusini huandikwa mwaka mmoja, ya kaskazini miaka miwili, mfano 2025/2026. Kisha linganisha virusi vilivyoandikwa na vinavyoripotiwa na maabara ya taifa. Mara nyingine orodha zote mbili zinafanana, na hapo chukua yenye muda mrefu zaidi kabla ya kuisha.